Rasimu Nne za Ikupa

Mwaka ambao Hellen alikwenda Mbeya kusomea uuguzi, mama yake naye alijiandikisha shule. Watu wa Kinyala walilichukulia jambo hilo kama mzaha kwa wiki mbili hivi, kisha wakalizoea, maana Ikupa hakuwa mtu wa kufanya mambo kwa kujionyesha. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Yeye na mumewe Lukasi walikuwa na ekari moja ya chai, migomba iliyoizunguka nyumba pande tatu, miparachichi michache iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Siku za kuchuma alifunga kikapu mgongoni akaingia chaini kama wenzake. Jumamosi alivaa sketi ya kanisani, akayatia madaftari kwenye mfuko wa plastiki yasiloane, akashuka Tukuyu.

Darasa lao lilikuwa la watu wazima kumi na wanne waliokuwa wanajiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule unaompa nafasi ya kufika kidato cha nne mtu ambaye hakupita sekondari. Kulikuwa na muuza nyama, madereva wawili wa bodaboda, mpishi wa shule ya bweni, kiongozi mmoja wa kwaya. Kiswahili walifundishwa na Madam Janeth, binti wa Singida ambaye hakuwa amefikisha miaka thelathini, aliyepangiwa kazi Tukuyu na bado alikuwa hajapatana na baridi ya huku. Alifundisha amevaa sweta mbili. Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa kazi. Kwake insha haikuisha siku ya kuikusanya. Aliisoma, akaandika maoni pembeni kwa kalamu ya kijani, akakurudishia bila alama, nawe ukaenda kuiandika upya. Alama zilikuja kwenye rasimu ya nne tu. Muuza nyama aliwahi kulalamika kwamba huko ni kumtesa mtu, akajibiwa kwamba hata yeye nyama hampi mteja na manyoya yake.

Mwezi wa tano aliwapa kichwa cha insha: siku ambayo sitaisahau.

Ikupa hakuwaza sana. Siku yake aliijua. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1992, alipokuwa amemaliza darasa la saba. Alikuwa wa kwanza kwa wasichana tangu darasa la nne, na kijiji kizima kilijua kwamba kama kuna msichana wa kwenda sekondari mwaka ule, ni yeye. Lakini mwezi wa nane mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto ukalala. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, na dada zao wawili walikuwa wameolewa mbali. Nyumbani walibaki yeye na kaka yake Hosea, kijana wa miaka ishirini na moja. Siku hiyo Hosea alirudi kutoka shuleni, akamkuta akimenya ndizi jikoni, akamwambia majina yametoka na lake halimo. Basi. Januari Hosea akaenda chuo cha ualimu, Ikupa akabaki na mama. Alimgeuza, alimwogesha, alimlisha, alimbeba kumtoa juani na kumrudisha ndani kwa miaka kumi na mmoja, mpaka mama alipofariki mikononi mwake. Kuolewa kwenyewe alichelewa. Lukasi alikubali kuhamia upande wao kwa sababu yeye hakuweza kumwacha mgonjwa.

Yote hayo aliyaandika katika kurasa tatu. Alianza kwa kusema kwamba maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde. Akamalizia kwa maneno ambayo mama yake alikuwa akimwambia kila alipomaliza kumwogesha na kumpaka mafuta: "Mungu alikuacha kwa ajili yangu." Aliyapenda maneno hayo. Alipoyaandika alilia kidogo, akaona insha imekamilika.

Ilirudi imejaa kijani. Sentensi ya safari na milima ilikuwa imekatwa, na pembeni Madam Janeth ameandika kwamba hiyo kila mtu anayo, aanze pale kaka anapoingia jikoni. Penye "nilihuzunika sana" palikuwa na swali: ulifanya nini? Na penye maneno "jina langu halikutoka" palipigwa mstari mara mbili, na chini yake maswali matatu mfululizo: "Nani aliliangalia? Ulilisoma mwenyewe? Orodha ilibandikwa wapi? Msomaji anataka kuiona."

Ikupa aliyasoma maoni yale wakati anasubiri mvua ipungue. Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Alikumbuka kwamba siku ile hakulia. Alimaliza kumenya ndizi zote, hata zile za kesho yake, mpaka kaka akamwuliza zote hizo nani atazila. Akaliandika hilo. Lakini kwenye orodha alikwama. Alijaribu kuiona akashindwa, kwa sababu hakuwahi kuiona. Alikumbuka kwamba aliona aibu kwenda shuleni. Alikumbuka pia kwamba alipokwenda hatimaye, mwezi wa pili, kuchukua cheti chake, ukutani hapakuwa na kitu. Katika rasimu ya pili aliandika kwamba orodha ilibandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, kwa sababu ndivyo alivyodhani.

Madam Janeth aliinasa palepale. Akaandika: "Hapa unabuni. Sehemu nyingine zote naziona, hii siioni. Kuna mtu anayekumbuka? Mwulize."

Mtu wa kumwuliza alikuwepo. Mwalimu Elisha, aliyekuwa mwalimu mkuu wao wakati ule, alikuwa hai bado, mzee wa miaka themanini kasoro, amestaafu na kurudi kwao Suma. Ikupa alikuwa akikutana naye mara mojamoja kwenye misiba, wakisalimiana na kuulizana hali za watoto. Jumanne moja ambayo haikuwa ya kuchuma alichukua chane mbili za ndizi na chupa ya maziwa ya mgando, akapanda bodaboda mpaka kwa mzee.

Alimkuta barazani, blanketi magotini, akisikiliza redio. Akamwamkia kwa heshima ya kwao, "Mwagonile," mzee akaitika "Ndaga" na kumwita mwanangu. Binti wa mzee akaleta chai. Wakaongea habari za mvua na za magoti. Ikupa akamweleza kwamba amerudi shule, na mzee akafurahi kweli, akampongeza mara mbili tatu. Ndipo Ikupa akatoa daftari na kueleza kilichomleta: anaandika insha kuhusu mwaka ule wa 1992, na mwalimu wake anataka kujua orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa wapi, ilikuwa na majina mangapi, na kama mzee anakumbuka, yeye alikosa kwa alama ngapi.

Mzee alipunguza sauti ya redio. Alimtazama kama mtu anayehisi hakusikia vizuri.

"Lakini Ikupa," alisema, "wewe si ulikataa mwenyewe?"

Mzee alidhani Ikupa anakumbuka vibaya, akaanza kumkumbusha taratibu, kama mwalimu. Barua kutoka wilayani ilikuja na majina manne, wavulana watatu na msichana mmoja, na msichana huyo alikuwa yeye. Hata hakungoja kuibandika. Alitoka na barua mfukoni akaenda nyumbani kwao kwa miguu, kwa furaha tu. Ikupa hakuwepo. Aliambiwa ameenda kuvuna maharage kwa shangazi yake. Alimkuta mama amekaa mlangoni na Hosea pembeni yake. Hosea alisema wamekwisha kulizungumza kama familia, na Ikupa mwenyewe amekubali kubaki amtunze mama. Mama akathibitisha. Wakamwomba asilitangaze jina lake, maana likisomwa mbele za watu litamwumiza mtoto bure. Yeye akaona ni ombi la haki. Akarudi, akaandika wilayani kwamba mzazi amekataa, na nafasi ikapewa msichana wa shule nyingine. Orodha aliyobandika ilikuwa na wavulana watatu tu.

"Nilikusifu sana moyoni," alisema mzee. "Nilisema, yule mtoto ana moyo."

"Hukuniuliza, Mwalimu," alisema Ikupa.

Mzee aliizima redio kabisa. Kisha akasema, "Hapana. Sikukuuliza."

Binti wa mzee alikuja kuwaongezea chai, akaona nyuso zao akarudi ndani. Ikupa alifunga daftari bila kuandika neno, akaaga vizuri, akamshukuru mzee kwa chai. Hakupanda bodaboda. Alitembea saa nzima na zaidi kuelekea Tukuyu, mvua nyembamba ikimnyeshea, mfuko wa plastiki ameushika mkononi na daftari ameliacha wazi kwapani. Alipofika kurasa za pembeni zilikuwa zimeshikana.

Siku tatu hakumwambia mtu. Alikamua, alichuma, alipika. Lukasi alimwuliza kama anaumwa, akasema kichwa. Jambo lililomsumbua halikuwa sekondari peke yake. Kilichokuwa kinamrudia kila saa ni kuoga. Kila siku kwa miaka kumi na mmoja alipasha maji, akamvua mama nguo, akamsugua mgongo, akampaka mafuta, na kila siku mama akamwambia Mungu alikuacha kwa ajili yangu. Mama alikuwa anajua aliyemwacha ni nani. Alilisema neno hilo macho makavu, akimtazama, na mtoto akalipokea kama baraka. Na Hosea, ambaye baadaye alikuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha mzee wa kanisa, alikuwa akisimama kanisani kila mwaka mbele ya wazazi kuwahimiza wasiwanyime mabinti shule, huku yeye, Ikupa, amekaa benchi la tatu, akimwonea fahari.

Jumapili hakwenda kanisani. Lukasi alipotoka tu, alikaa mezani akaandika rasimu ya tatu. Aliandika kurasa kumi na moja bila kuinuka. Alimwita kaka yake nyoka, alimwita mwizi, alimwita mnafiki wa madhabahuni. Mama yake alimwita mwanamke aliyekula maisha ya mwanawe kijiko kwa kijiko. Mwalimu Elisha alipata aya nzima. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pengi. Jumamosi aliikabidhi kwa Madam Janeth bila kumtazama usoni, na kwa wiki nzima aliingoja kama mtu anayengoja kushikwa mkono.

Ilirudi na kijani kama zilizotangulia.

Madam Janeth alikuwa ameandika kwamba ufunguzi sasa umekaa vizuri. Alikuwa amesahihisha "nilikuwa nikadhani". Alikuwa ameigawa aya moja ndefu kuwa mbili. Kisha, penye kaka: "Umemtukana mara sita. Mimi sijamwona hata mara moja. Alisema nini? Umemwuliza?" Na penye mama: "Kwenye rasimu ya kwanza alikuwa malaika, hapa ni adui. Uliishi naye nyumba moja miaka kumi na mmoja. Lazima unajua zaidi ya haya."

Ikupa aliyasoma akiwa amesimama uani. Alihisi amepigwa kofi. Binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanawe amepewa kidonda akakitia koma na nukta. Tena ni yeye Janeth aliyemtuma. Kama asingeuliza habari za orodha, Ikupa angeishi na mama yake mzuri na kaka yake mzuri mpaka kufa. Alirudi ndani ya darasa wenzake wakiwa wanatoka, akaliweka daftari mezani.

"Madam, umesoma?" aliuliza.

"Nimesoma, mama Hellen. Mara tatu."

"Na hiki ndicho ulichokiona, aya?"

Madam Janeth alishika mikono ya sweta yake, akaivuta mpaka ikafunika vidole. Alisema alilia alipoisoma, lakini hakujua kama ana haki ya kuandika hivyo pembeni. Anachojua yeye ni kuuliza maswali. Ikupa alichukua daftari lake akaondoka, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana. Muuza nyama alimpigia simu kumwuliza kulikoni, akasema ni kazi za shamba.

Lakini lile swali halikuondoka. Umemwuliza? Alikuwa amekasirika nalo kwa sababu lilikuwa lilelile alilomwambia Mwalimu Elisha barazani. Wiki ya tatu alikwenda kwa kaka yake.

Hosea alikuwa amejenga mjini Tukuyu, nyumba nzuri yenye bustani ya maua na ua wa michongoma. Mkewe alikuwa ameenda kwenye mkutano wa kina mama. Alimkaribisha mdogo wake kwa furaha, akamwuliza habari za masomo, akamtania kwamba karibu watakuwa walimu wawili katika ukoo. Ikupa alikaa kwenye ukingo wa kochi. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, lakini alichosema kilikuwa kifupi. Alisema amekwenda Suma, kwa Mwalimu Elisha, kwa ajili ya insha yake ya 1992.

Hosea alivua miwani, akaifuta kwa shati, hakuirudisha. Hakukana. Baadaye Ikupa alifikiri kwamba kama angekana ingekuwa afadhali, angepata cha kubishana nacho.

Alieleza kwa sauti ya kawaida. Barua yake ya chuo ilikuwa imefika mwezi mmoja kabla. Mmoja wao alipaswa kubaki na mama. Yeye alimwambia mama kwamba anaweza kuahirisha, na mama akasema hapana, abaki wa kike, wa kike ndiye anayejua kumshika mgonjwa. Alilisema hilo akiwa anakula, akaendelea kula. Mwalimu alipokuja na barua ya Ikupa, wote wawili walitazamana, na Hosea ndiye aliyeanza kusema.

"Kwa nini hamkuniuliza, kaka?"

"Kwa sababu ungekubali," alisema Hosea. "Nilikujua. Ungekubali siku hiyohiyo, halafu ungetulaumu maisha yako yote. Nikaona heri uilaumu serikali."

Ikupa alimtazama. Alikuwa na nywele nyeupe pembeni, na mahali pa miwani puani palikuwa pamebonyea. Alikuwa ndiye aliyemfundisha kusoma, kabla hajaanza hata darasa la kwanza, kwa kuandika herufi kwenye majivu ya jikoni.

Hosea aliendelea. Alisema alidhani angemwambia baada ya mama kufariki, lakini siku ya mazishi alimwona jinsi anavyolia, akaona amwachie mama yake vilevile alivyomjua. Ndiyo maana pia alikuwa akisema sana habari za mabinti kanisani. Alisema hakuwahi kuyatamka maneno yale bila kumwona yeye pale benchi la tatu. Labda alitaka hilo limpoze. Kwa Ikupa lilikuwa baya kuliko yote, kwamba alikuwa akimwangalia na kujua.

Kisha akamwuliza andiko hilo litasomwa na nani. Ikupa akasema mwalimu wake.

"Mimi niandike utakavyo," alisema Hosea. "Nastahili. Lakini mama mtoe. Amelala, hawezi kujitetea."

"Na mimi nilikuwa nimeenda kuvuna maharage," alisema Ikupa.

Hakungoja chai. Hosea alimsindikiza mpaka getini, kama desturi, akasimama pale na mikono yake mitupu, akasema asalimie Kinyala.

Rasimu ya nne ilimchukua wiki mbili. Aliiandika kidogokidogo, ukurasa mmoja mchana baada ya kupeleka majani ya chai kituoni, nusu ukurasa wakati maharage yanachemka. Matusi yote aliyatoa, si kwa huruma. Alipoyasoma tena baada ya kumsikia Hosea aliyaona ni mepesi, yanampa nafasi ya kusema dada ana hasira. Badala yake aliweka maneno ya Hosea mwenyewe, moja kwa moja, kama alivyoyatamka: heri uilaumu serikali. Aliweka miwani isiyorudishwa usoni. Aliweka Mwalimu Elisha akitembea kwa furaha na barua mfukoni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliweka pia herufi za kwenye majivu, ingawa alizifuta mara mbili kabla ya kukubali zibaki.

Kwa mama alishindwa. Madam alitaka zaidi, na Ikupa alijua yapo zaidi. Alijua mama alivyokuwa akiogopa kuachwa peke yake hata dakika ya kwenda kisimani, jinsi alivyomshika mkono kwa ule mmoja uliobaki na nguvu. Alijua kwamba mtu aliyelala hivyo anaweza kufanya lolote ili asiachwe. Kila alipoanza kuliandika hilo aliona anamsamehe kwa kalamu kabla hajamsamehe, akakata. Mwishowe aliacha maneno ya Mungu alikuacha kwa ajili yangu pale yalipokuwa, na chini yake akaongeza mawili tu: Mama alijua.

Kurasa sita. Jumamosi alipozikabidhi, Madam Janeth alimkaribisha kana kwamba hakukosa hata siku moja, jambo ambalo Ikupa alilishukuru bila kulisema.

Ilirudi na alama kumi na nane kwa ishirini, za juu kuliko zote darasani. Kijani kilikuwa kidogo. Makosa mawili ya herufi, na pembeni ya aya ya mama neno moja: "Unamkwepa." Ikupa alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alisema ameliona. Alisema kwamba maoni mengine yote ameyafuata, na yalimsaidia hata yale yaliyomwuma, lakini pale hatagusa. Madam Janeth alisema sawa, mwandishi ni yeye. Akamwambia kwamba kituo chao cha masomo kinatengeneza kijitabu cha insha bora za mwaka, na angependa kuiweka ya kwake iwe ya kwanza. Hata majina yanaweza kubadilishwa.

Ikupa alikataa. Alisema jina lake liliwahi kutolewa kwenye orodha bila yeye kuulizwa, na asingependa kuwafanyia wengine hivyo, ingawa wao walimfanyia. Halafu akasema hapana, hiyo si sababu. Sababu ni kwamba hataki watu wa Tukuyu wamwonee huruma sokoni. Madam akacheka kidogo, naye akacheka.

Mtu mwingine aliyesomewa insha ile ni Lukasi. Alikuwa ameona mkewe anaandika, anafuta, anakaa kimya, na jioni moja kabla ya kula akamwomba amsomee. Alisikiliza ameinamisha kichwa, hakumkatisha. Alipomaliza, Lukasi aliinua kichwa.

"Ungekwenda shule, nisingekuoa," alisema. "Ungekuwa Dar huko, na mtu wa ofisini."

"Sikuandika hivyo."

"Najua. Lakini ndivyo nilivyosikia."

Ikupa alimpenda Lukasi na alimpenda Hellen, na kama mlango ule wa 1992 ungefunguliwa, wote wawili wasingekuwepo. Alilijua hilo tangu siku ile ya kutembea kwenye mvua. Halikupunguza kitu, lilizidi kuchanganya tu. Lukasi akainuka, akachukua ndoo ya maziwa, akasema atakamua yeye leo.

Mtihani aliufanya mwezi wa kumi na moja akafaulu, na sasa anasoma masomo ya kidato cha nne, bado kila Jumamosi, na mwalimu mwingine, kwa kuwa Madam Janeth alihamishiwa Manyara. Mwalimu Elisha alimtumia salamu mara mbili kupitia watu. Alizipokea, hajakwenda.

Pasaka Hosea alikuja Kinyala na familia yake, kama miaka yote. Ikupa alipika ndizi kwa nyama, wali, na maharage, akawaandalia vizuri, akamnawisha kaka yake mikono kwa heshima inayostahili. Watoto walicheka, redio iliimba, mke wa Hosea alisifu chakula. Hakuna aliyejua isipokuwa watatu. Walipomaliza, watu wote wakaenda kufyeka makaburi, kwa baba na kwa mama. Ikupa naye alikwenda na panga lake. Alifyeka kaburi la baba mpaka likang'aa. Hosea alikuwa anafyeka la mama, akasimama, akasogea pembeni kumpa nafasi afyeke.

Ikupa alikung'uta majani kwenye sketi yake, akasema wamalizie wao, yeye anarudi kuosha vyombo.